Ndege Wako Hawakwenda Sherehe, Fundi

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, mume wangu. Kusema kweli umepita kidogo, maana tangazo hili limechelewa, na wapo waliofungua gazeti siku yenyewe wakaikosa picha yako, wakaanza kunong'onezana kwamba mjane ameshapata pa kuegemea. Wanaosoma pembeni watulie. Hatukusahau. Tulikuwa na wageni, tena wageni wa aina ile uliyokuwa ukiikimbia kwa mlango wa nyuma. Nitakueleza.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yako mzima, anakula, na bado anasema chai yangu ni maji ya kunawia. Binti yetu amekomaa ghafla, kama watoto wanavyokomaa baba akiondoka. Kibao chako cha "Fundi Friji" hatujakitoa ukutani, na watu bado wanaleta mafriji kwa mkokoteni. Nawaambia fundi hayupo. Wengine wanauliza atarudi lini. Nawapa kiti, nawapa chai, nawaeleza, nao wanakaa mpaka jioni, kwa hiyo siwezi kudai nimekosa watu wa kuongea nao. Niliyemkosa ni wewe wa kuninyamazia.

Ulikuwa mpole mpaka kwa vyuma. Mtu akikuletea friji lililokufa zamani, hukumwambia limekufa. Ulilizunguka, ukaligonga mgongoni kwa kidole, ukasema, "Limechoka tu." Chai yako ilipoa pembeni kila siku, ukainywa baridi na kuisifia kama imetoka jikoni sasa hivi. Mabishano ya mtaani ulikuwa unayasikiliza mpaka mwisho, halafu unauliza nani ana bisibisi.

Nilipoolewa nawe nilijiapiza nyumba yangu haitakosa watu. Mimi ni mtu wa watu, hilo halina mjadala. Habari ya mtaa huu ambayo haijapita sebuleni kwangu bado haijawa habari. Wewe ukaingia siku moja umekumbatia boksi, ukasema, "Tuna mgeni." Nikakimbilia jikoni kuinjika chai. Niliporudi, mgeni alikuwa ameshakunya kwenye kitambaa cha meza. Alikuwa buabua, yule ndege wa baharini mweupe mwenye kofia nyeusi, ila huyu alikuwa mweusi mwili mzima kwa mafuta yaliyomwagika. Ukamtazama kama unavyotazama friji.

"Amechoka tu," ukasema.

Basi chumba cha nyuma, nilichokiwekea matumaini ya wageni wa kulala, kikaenda hivyo. Ukaingiza mafriji mabovu ya kulala, yale marefu kama sanduku, ukayafungua, ukayajaza maji, yakawa mabwawa ya ndege. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini wa meno kwa ajili ya kichwa, kisha kusuuza na kusuuza mpaka mtu anatamani kulia. Ukatundika shuka mlangoni na kupiga marufuku mazungumzo. "Ndege wa baharini akishikwa anajua anakwenda kuliwa," ulinieleza. "Ukimsemesha kwa upole, yeye anasikia mtu anayesifia nyama." Kwa hiyo mimi, mke wa ndoa, mwenye mdomo huu unaoujua, nikawa napita uani kwangu kwa kunyata kama mwizi.

Na ulikuwa na sheria moja ambayo hukumlegezea mtu. Ndege akishaoshwa anaonekana mzima: mweupe, macho makali, anakudonoa vizuri tu. Mwenye haraka angemwachia siku hiyohiyo. Wewe ulimrudisha bwawani, ukamtoa, ukapuliza manyoya ya kifuani. Yakiwa yamelowa mpaka ngozini, bado. Alitakiwa ayachane mwenyewe kwa mdomo, moja moja, mpaka yajipange upya na maji yabingirike juu yake bila kuingia. Akienda baharini kabla ya hapo ataruka kidogo, atatua, atalowa, atazama. "Ndege hatoki," ulikuwa ukisema, "mpaka maji yamkatae."

Sasa siku hizi kila mtu ana la kusema juu ya moyo wako. Nawasikia. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unakupenda, ni vile tu walikuwa wanaficha, tena walificha kwa bidii. Ulipokwenda kwenye lile fungu la mchanga nje ya ghuba, ambako buabua wanataga mayai chini kwenye mchanga mtupu, ukapigilia vijiti na kuvuta kamba kuyazunguka ili watu wasiyakanyage, walikuita Mpima Viwanja. Walikuuliza kama ndege wamelipia kodi ya ardhi. Wenye boti walipita karibu makusudi, injini zinalia, ndege wanaruka, mayai yanabaki juani, nao wanacheka. Wewe ulingoja wamalize, ukaenda kusogeza kamba. Kila mwaka ndege wanaorudi pale ni wachache kuliko wa mwaka uliotangulia, na kila mwaka wanaocheka hawapungui.

Mama Pazia, jirani yetu anayeujua mtaa wote kupitia tundu la pazia lake, alieneza kwamba tunafuga ndege wa uganga. Huyo nimemsamehe, utaona kwa nini.

Kaka yako mkubwa simsamehe leo. Wasomaji wasiomjua: ni huyo anayeitwa Maikrofoni, kwa sababu hajawahi kuiona moja akaiacha ipite. Kwenye harusi yetu aliongea mpaka chakula kikaganda. Huyu alikuwa akija hapa hakupi mkono. Anakupungia kwa mbali, eti mikono yako inanuka samaki. "Mdogo wangu," alikuambia mbele ya wageni wangu, "mwanaume mzima unamsugua ndege kwa mswaki. Wenzako wanajenga." Ukamjibu, "Na ndege nao wanajenga, kaka, tatizo mnakanyaga." Akacheka peke yake. Sidhani kama ameelewa mpaka leo.

Na ile kampuni ya gati la mafuta. Mara ngapi ulikwenda getini kwao na boksi lako, mafuta yao yakidondoka chini ya boksi, ukaambiwa meneja yuko kwenye kikao? Kikao kile kilianza binti yetu akiwa hajaota meno ya utu uzima. Kiliisha ulipokufa.

Sikiliza sasa yaliyotukuta.

Wiki chache kabla ya mwaka wako kutimia, bomba lao likapasuka gatini. Bahari ikawa kama sufuria la chipsi lisilooshwa. Watu wakaanza kuokota ndege ufukweni, na kwa kuwa mji mzima hauna mlango mwingine unaojulikana, wakawaleta hapa kwa maboksi, kwa ndoo, mmoja ndani ya kofia ya pikipiki. Niliwaambia fundi hayupo. Binti yetu akapita katikati yetu bila neno, akafunga aproni yako, akafungua maji.

Tangu amalize chuo alikuwa hajapata kazi, unajua. Hii haikuwa kazi, lakini aliifanya kama mtu aliyechelewa. Sabuni, mswaki, kusuuza. Wachache walitufia mapema. Waliobaki wakaingia mabwawani. Siku ya pili Mama Pazia akaja kuchungulia, safari hii bila pazia. Binti akampa jagi la kusuuzia, hakumwuliza. Yule mama amesuuza kila siku tangu hapo na hajasema neno moja chumbani mle, jambo ambalo mimi mwenyewe nisingeapa kwamba linawezekana.

Ndipo wakaja wageni. Kaka yako mbele, amevaa koti, na nyuma yake meneja wa uhusiano wa ile kampuni, kijana mtu mzima mwenye miwani ya jua ambayo hakuivua sebuleni, tukamwita Bwana Miwani. Nikawapa chai. Ndiyo, niliwapa, mimi mgeni hapiti kwangu kinywa kikavu, hata akiwa wa namna hiyo.

"Mama," Bwana Miwani akasema, "kampuni inataka kumuenzi marehemu Jumamosi, siku ya kumbukumbu yake. Alikuwa mdau wetu muhimu sana."

"Mdau," nikasema.

"Mdau, mama."

Kumbe mtu anayezuiwa getini anaitwa mdau. Akatoa simu kunionyesha. Mahema ufukweni kando ya gati. Spika. Fulana zenye uso wako, na uso wenyewe waliukata kwenye picha ambayo kaka yako aliwapa, picha ya harusi yetu, kwa hiyo kila fulana ina wewe na sikio langu moja. Na kilele cha shughuli: mgeni rasmi atakata utepe wa boksi, ndege wako waliosafishwa wataruka kuelekea baharini, wapiga picha watapiga.

"Mimi nimeshakubali kwa niaba ya familia," kaka yako akasema, akiangalia dari.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamdondoka viwikoni. "Hawako tayari, baba mkubwa. Manyoya bado yanashika maji."

"Nimewaona pale kwenye upenyo wa shuka," Bwana Miwani akasema. "Wako safi kabisa."

"Safi ndiyo. Wakienda Jumamosi watazama."

"Basi lini?"

"Pengine wiki ijayo. Pengine ile nyingine. Wao ndio wanaosema."

"Wiki ijayo mgeni rasmi hana nafasi." Akafikiri kidogo, kisha akainama mbele kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Hebu niambie kitu kimoja, dada. Wakitolewa kwenye boksi, kuruka wataruka?"

"Kuruka wataruka. Wakishatua ndiyo basi."

"Sawa. Picha ni pale wanaporuka."

Hapo ndipo nilipomtambua. Nilikuwa nimemdhania mjinga, na mjinga ningemwongezea chai. Huyu hakuwa mjinga. Alielewa kila neno, akalipima, akachagua. Na kaka yako, aliyenyonya ziwa moja nawe, alikuwa anapuliza chai yake.

Bado hakuwa amemaliza. Akamgeukia binti na kumwambia kampuni ina kitengo cha mazingira, kinatafuta sura mpya, tena sura yenye historia. Kiti chake kipo, wataongea vizuri baada ya Jumamosi.

"Kazi yenyewe ni ya kufanya nini?" binti akauliza.

"Kutuwakilisha."

"Mkisafisha au mkichafua?"

"Mwanangu," kaka yako akaingilia, "jibu vizuri. Usiteme riziki iliyoko mdomoni."

Binti akakung'uta maji viwikoni, akarudi nyuma ya shuka. Nitakuambia ukweli, fundi, kwa sababu wewe hukutani na mtu wa kumwambia: aliitaka ile kazi. Siku zile mbili tatu nilimwona anapiga pasi blauzi yake nyeupe ya kwendea usaili, anaitundika, anaitazama, anarudi mabwawani. Mara hii nilifunga mdomo. Sikumwambia shika wala acha. Ningesema shika, ndege wako wangekufa kwa mkono wake. Ningesema acha, angekaa nyumbani mwaka mwingine akinitazama mimi. Nilikata vitunguu vingi sana wiki ile.

Jumamosi gari likaja na spika zimeshawashwa, nyimbo zinapasua mtaa. Wakashusha boksi lenye utepe mwekundu, zuri, kubwa, lisilo na hata tundu la hewa. Mama Pazia alipoliona akavuta kiti changu cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango wa nyuma, akaketi. Ni mama mnene, Mungu ambariki. Pale hapakupita mtu.

"Shemeji, tupishe," kaka yako akasema. "Watu wanasubiri. Usinitie aibu."

"Aibu unayo ya kwako, shemeji. Huna haja ya kuazima kwangu."

"Huyu ni mdogo wangu. Mimi nina haki ya kumkumbuka."

"Mkumbuke. Nani kakushika? Ndege ndio hawatoki."

Bwana Miwani akanizunguka kama mtu anayezunguka ng'ombe barabarani, akamkuta binti yuko nyuma ya Mama Pazia. Hakuwa amevaa blauzi. Alikuwa na aproni yako, imelowa.

"Dada, umeamua nini kuhusu ile nafasi?"

"Nimeamua ndege hawatoki."

"Mimi nimeuliza kuhusu kazi."

"Na mimi nimejibu kuhusu kazi."

Yule kijana hata hakukasirika. Alitazama saa. Kwake sisi tulikuwa kama mvua, kitu cha kuchelewesha ratiba. Akamnong'oneza mtu wake, "Mpigie wa maputo."

Mimi sijawahi kumfukuza mtu nyumbani kwangu, unalijua hilo. Wadaku nimewalisha, walevi nimewasindikiza. Lakini siku ile nilifungua mlango wa mbele, nikaushikilia, nikawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tokeni kwangu." Kaka yako akasubiri niseme tena, kwa sababu hakuamini. Sikusema tena. Wakabeba boksi lao tupu na utepe wao.

Tuliyoyasikia ya ufukweni tuliletewa na wapita njia, na video kila mtu anayo. Kaka yako alishika maikrofoni mpaka hema likapungua watu. Alisema mlikuwa mkishauriana kuhusu ndege. Alisema ndiye aliyekununulia mswaki wa kwanza. Alilia, tena kwa ustadi, akageuza uso upande wa kamera. Kisha mgeni rasmi, aliyekosa ndege wa kuachia, akaachia maputo. Mamia ya maputo meupe yenye jina lako, yakapaa juu ya bahari, watu wakapiga makofi.

Maputo, mume wangu. Kwa heshima ya mtu aliyekuwa akiwapasua ndege waliokufa ufukweni na kutoa tumboni mwao vipande vya mpira, anavipanga mezani kwangu, ananiuliza kama najua hiki kilikuwa nini. Hata ukimwajiri mtu akutukane kwa mwezi mzima hawezi kufikia kipaji kile. Kukuchukia kungehitaji wakufahamu kidogo. Wale walikuwa hawakufahamu hata kiasi hicho.

Upepo ukayapeleka ulikoyapeleka, kwenye lile fungu la mchanga. Tulikwenda asubuhi yake, mimi na binti na Mama Pazia, kwa mtumbwi wa kuazima. Vipande vyeupe vilikuwa vimetapakaa kati ya mayai, na nyuzi zake. Kifaranga mmoja alikuwa amejizungushia uzi miguuni, anaruka na kuanguka. Binti alimshika, akamkatia ule uzi kwa meno kwa sababu tulisahau mkasi. Tuliokota mpaka mgongo ukakataa, na bado vipo, vingine vimeshazikwa na mchanga.

Wiki hii, mwaka wako ukiwa umeshapita, binti alipuliza manyoya ya kifuani kwa buabua wa kwanza na chini yake pakawa pakavu. Wa pili vilevile, na waliofuata. Tukawabeba kwa maboksi ya kawaida mpaka ufukweni, sisi na mama yako, aliyeng'ang'ania kuja na fimbo yake. Hapakuwa na hema. Binti alifungua, wakaruka, wakatua majini, sote tukitazama. Wakaelea. Wakaelea juu kabisa kama vikombe, wakatikisa mikia, wakaondoka zao. Wawili bado wanalowa. Wamo bwawani, na watakaa humo mpaka wao wenyewe waseme.

Kaka yako alipata habari kwamba tunaandika tangazo hili, akapiga simu.

"Shemeji, yaliyopita yamepita. Mimi ndiye mkubwa wa familia. Hakikisha naandikwa wa kwanza."

"Hakuna neno, shemeji. Mpira wa maputo yenu bado uko kule kwenye mayai. Chukua gunia, chukua mtumbwi, ukimaliza nitakuandika juu kabisa, kwa herufi kubwa."

Akauliza, "Kutakuwa na watu?"

"Hakuna mtu."

"Ngoja niangalie ratiba," akasema.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo. Mama yako mzazi. Binti yako, ambaye bado anatafuta kazi, na mwenye nayo abishe hodi, chai ipo. Pamoja na jirani yetu Mama Pazia, ambaye kuanzia mwaka huu ni ndugu. Kaka yako mkubwa anaangalia ratiba.

Pumzika, fundi wetu. Daima tutakukumbuka, na wale wa maputo pia tutawakumbuka.